Ukurasa wa Arobaini na Mbili

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao hiki, ambaye pia ni mimi, Waziri wenu wa Afya. Naibu wangu, Naibu wa Naibu wangu, na yule anayekaimu nafasi ya Naibu aliye masomoni. Waheshimiwa Wakurugenzi mliofika, mliotuma wawakilishi, na wawakilishi mliotuma salamu. Mwenyekiti wa Chama cha Madaktari, ndugu yangu uliyenuna hapo mbele. Madaktari bingwa, madaktari wa kawaida na madaktari mlio katika mgomo baridi. Wauguzi, wanahabari, wagonjwa mnaoweza kukaa na mnaosimama. Itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, karani ataizingatia katika kumbukumbu. (Makofi, kama yalivyoandikwa kwenye ratiba.)

Nimesimama mbele yenu katika ukumbi huu wa hospitali yetu kuu, ambao feni zake mbili kati ya sita zinafanya kazi kwa ufanisi wa asilimia mia moja, ili kuzungumzia Mpango wa Taifa wa Afya kwa Wote, Popote, Wakati Wowote, ambao mimi, bila kujisifu maana kunisifu ni kazi yenu, niliubuni, nikauasisi, nikausimamia na kuuzindua mara nne. Mpango huu ni shirikishi, jumuishi na wa kidijitali. Una fremuweki, una rodimapu, una stekholda wa ngazi zote, na hadi kufikia jana jioni tulikuwa tumekamilisha asilimia themanini na saba nukta nne ya mchakato wa kuanza kuanza. (Makofi. Umeme unakatika. Feni mbili zinasimama. Mheshimiwa anaendelea bila kipaza sauti na hakuna anayeona tofauti.)

Sasa nije kwenu, ndugu zangu wa makoti meupe. Kwa miaka minne mmeupinga mpango huu kwa barua, kwa mabango, na kwa maandamano ya siku tisa mkiimba "Dakika sita hatutaki", kwa sababu ya ukurasa wa arobaini na mbili, unaoelekeza kwamba daktari wa serikali atamwona kila mgonjwa kwa dakika sita, asizidishe. Nauliza kwa unyenyekevu ninaojulikana nao: dakika sita zina ubaya gani? Mimi mke wangu namwona dakika hizohizo kwa siku, na ndoa yetu ina miaka ishirini na sita! (Kicheko. Sauti ya mwanamke kutoka meza kuu: "Tutaongea nyumbani.")

Naona daktari wa macho amesimama, yule ambaye wagonjwa wanamwita Tochi. Sema, daktari, mimi ni mtu wa fidibaki. (Daktari Tochi: "Mheshimiwa, dakika sita mgonjwa wangu mzee hajamaliza kuvua miwani. Kisha lazima anieleze kwanza ugonjwa wa jirani yake, ndipo aje kwenye wake." Kicheko kirefu, hakikuwa kwenye ratiba.)

Hayo ndiyo mawazo mgando! Na si maneno tu, maana mmefika mahali pa kukataa kumpasua mtu yeyote mwenye karatasi ya kuandikishwa kwenye mpango wetu, hadi ukurasa huo ufutwe. Nasi kwa upande wetu tumeelekeza madirisha yote ya mapokezi yasimpokee mtu wa namna hiyo hadi apate kadi ya mpango, na hapo utaona jinsi sekta mbili zinavyoweza kufanya kazi kwa uratibu. (Mwanamke wa safu ya tatu anasimama bila kuitwa. Mlinzi anamwambia: "Kaa, dada." Hakai.)

Mwacheni, mwacheni, huyu ndiye mwananchi. Karibu, mama. (Mwanamke: "Shikamoo, baba. Mume wangu ni fundi cherehani. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Dirishani wametuambia tusubiri kadi, na huu ni mwezi wa saba tunasubiri. Juzi kamshonea mteja suruali, miguu yote miwili imeungana. Wateja wanacheka, yeye hacheki. Nauliza tu, hiyo kadi inatoka lini?")

Swali zuri sana, mama, na nitalijibu kimkakati. (Daktari Tochi: "Usilijibu, Mheshimiwa. Futa ukurasa hapa hapa, tukiona, na mimi nitaanza na fundi wa mama huyu." Madaktari wanapiga meza.)

Mmesikia? Mnadhani nitashindwa? Kiongozi ni maamuzi! Karani, lete kabrasha la mpango, toa ukurasa wa arobaini na mbili, uuchane mbele ya kamera! (Karani anafungua kabrasha. Lina jalada, picha ya Mheshimiwa, picha nyingine ya Mheshimiwa, na karatasi nyeupe. Karani anahesabu hadi ya arobaini na mbili. Karani anamtazama Mheshimiwa.) Chana, kijana, unasubiri nini? (Karani anachana. Daktari Tochi anaokota vipande, anavigeuza upande wa pili. "Mbona ni tupu?" Anachukua kabrasha, anafunua. "Lote tupu!")

Tulieni. Nasema tulieni! Hizo dakika sita nilizitaja redioni, siku mtangazaji aliponiuliza mgonjwa atapewa muda gani, na papo hapo akaninyooshea vidole sita kunionyesha muda uliobaki kipindi kiishe, nikasoma vidole. Ukurasa siku hiyo sikuutaja mimi. Ninyi wasomi, mliusoma wapi? (Mwenyekiti wa Chama cha Madaktari, kwa sauti ndogo: "Kwenye bango letu.")

(Mwanamke: "Kwa hiyo kadi haipo.") Mama, kadi ipo katika hatua ya kutokuwepo kwa muda. (Daktari Tochi, akiliweka kabrasha mezani: "Mama, tumekukosea. Mlete kesho saa mbili asubuhi, chumba cha nne." Mwanamke: "Nije na ile karatasi ya kuandikishwa?" "Njoo na yeye." Mwanamke anaichana karatasi yake, anaiweka juu ya vipande vya karani, anatoka.)

Mnaona! Mpango umepata mnufaika wa kwanza, na kwa kuwa aliyeomba huduma humu ni mmoja na aliyehudumiwa ni mmoja, karani, andika asilimia mia moja! Afya kwa wote! (Sauti kutoka nyuma: "Kesho saa mbili!") Popote! ("Chumba cha nne!") Wakati wowote! (Kicheko. Watu wanaanza kukusanya mikoba.)

Nimalizie kwa shukrani, msitoke. Kwenu madaktari nasema asanteni, na leo sisomi popote, natoa moyoni: asanteni kwa kuupinga mpango huu kwa nguvu zote miaka minne mfululizo, maana mngeukubali hata siku moja tu, mimi ningewapa nini? Asanteni sana. Karani, andika makofi.

(Hayakupigwa.)