Shangazi Alipopanda Jukwaani

Jamani, leo yamenikuta. Tena yaliyonikuta yana pembe.

Nawaandikia haraka nyie wawili kabla mtu hajashuka na treni hapo Tabora akawasimulia kwa kutia chumvi. Bora mnisikie mimi mwenyewe. Chumvi yangu itakuwa kidogo.

Mnaukumbuka ule mchezo wetu wa jukwaani, Miguu Yetu. Tangu muondoke umekua. Si ngoma tupu tena. Kila mchezaji anasimama mbele, anaimba maisha yake, halafu anayacheza. Tatu anaimba jinsi mume wake alivyomfichia njuga kwenye gunia la mahindi. Mama Rehema anaimba anavyoshuka milima ya Mwese kwa miguu, mtoto mgongoni, kuja mazoezini. Watu wanalia, watu wanacheka. Na mwezi ujao tumealikwa huko huko kwenu, kwenye tamasha.

Wote wameruhusiwa kwao. Kasoro mimi.

Baba yangu (mnamjua, Mzee Masanja, mtu wa ng'ombe) alikataa. Si kwamba anachukia ngoma. Msukuma gani anachukia ngoma? Ila yeye anajua ngoma ya uwanjani baada ya mavuno. "Ngoma ya kupanda juu ya mbao ukawaambie watu mambo ya nyumbani kwenu," aliniambia, "huo ni umbea wenye manyanga." Nimemkaribisha aje kuona mara nyingi tu. Kila nikimkaribisha, ng'ombe wana kiu. Na mimi Tabora nilikuwa naitaka mpaka naiota.

Basi leo mchana tulikuwa tunauonyesha mchezo hapa mjini Kashaulili, nyuma ya soko. Jukwaa ni mbao juu ya makreti ya soda. Pazia ni kanga za Mama Yustina, kiongozi wetu. Njuga zangu zilikatika juzi, na Mama Yustina alishaniambia, "Kabula, unacheza vizuri lakini miguu haisikiki. Tafuta kitu kilie."

Nikatafuta. Asubuhi baba akinywa uji, niliingia zizini nikafungua kengele ya Shangazi. (Shangazi ni ng'ombe. Ndiye anayeongoza kundi, wenzake wote wanafuata kengele yake. Baba alimpa jina hilo kwa sababu eti ana tabia za dada yake.) Nikajiambia, ng'ombe akikaa siku moja bila kengele atapungukiwa nini?

Hiyo ndiyo akili yangu, jamani. Na nimezaliwa kwenye ng'ombe, nimekulia kwenye ng'ombe!

Zamu yangu ikafika. Nimevaa sketi ya nyasi, mpya kabisa, nimeisuka mwenyewe. Chini yake kaptula ya shule ya kaka yangu, kwa tahadhari. Kengele kiunoni. Nikaanza:

*Baba anajua kwato za kila ng'ombe,*
*akiona unyayo anakutajia jina.*
*Miguu yangu imecheza mpaka imepasuka,*
*mbona hii, baba, hujaitambua?*

Nikatikisa kiuno, kengele ikasikika mpaka ng'ambo ya soko. Huku mbele watu wakaanza kuguna. Halafu wakaanza kucheka. Nikasema moyoni, leo nimewashika! Nikatikisa zaidi. Wakacheka zaidi, wengine wamesimama, wengine wananinyooshea vidole. Nikawapungia mkono. (Ndiyo. Niliwapungia mkono.)

Mara nikahisi sketi inavutwa kwa nyuma.

"Tatu, acha utoto," nikanong'ona.

"Mimi niko huku," Tatu akajibu, na kweli sauti ilitoka pembeni.

Ikavutwa tena. Nikageuka. Shangazi! Kichwa kimetokeza katikati ya kanga za Mama Yustina, nusu ya sketi yangu iko mdomoni, anatafuna bila haraka kama mgeni wa heshima harusini. Nyuma yake kundi zima la baba. Mpiga ngoma alikuwa ameshapanda ukutani. Muuza nyanya amelikumbatia tenga lake, anasali.

Nikakimbia. Kosa! Nikikimbia kengele inalia, kengele ikilia kundi linafuata. Nikazunguka jukwaa, na wao wakazunguka. Kwenye kona Shangazi akabaki na sketi yote, mimi nikabaki na kaptula. Ile ya kaka. Yenye viraka vyekundu makalioni. Nyie, watoto walishangilia vile viraka kama goli.

Mkidhani aibu iliishia hapo, subirini. Akatokea baba. Anatweta, fimbo mkono huu, kopo la mafuta mkono ule. Kumbe alipoikosa kengele alimfungia Shangazi kopo lenye mawe ndani. Shangazi akalidharau, akalikung'uta likaanguka. Aliposikia kengele yake huku mjini, akaifuata, na wenzake wote nyuma.

Ng'ombe walipomwona, wakasimama. Na mimi nikasimama.

"Kabula."

"Naam, baba."

"Hiyo si kengele yangu?"

"Ndiyo, baba."

Nikasubiri fimbo. Kengele kiunoni ikawa inalia yenyewe. Baba akatazama jukwaa, akatazama watu, akatazama viraka.

"Nimesikia unaniimba."

"Ndiyo, baba."

"Nimesikia mwisho tu. Nilikuwa nakimbiza ng'ombe. Anza upya."

Jamani! Kumwimba baba akiwa mbali ni rahisi. Kumwimbia usoni, umevaa viraka, ni kazi nyingine kabisa. Tatu akanifunga kanga. Mpiga ngoma akashuka ukutani. Nikaimba, sauti inakatika, naiokota, naendelea. Nikacheza taratibu, na ng'ombe wamesimama pale pale wanasikiliza kengele yao. Baba hakunitazama usoni hata kidogo. Alitazama miguu, vile anavyotazama nyayo mchangani akitafuta ng'ombe aliyepotea. Nililia, sifichi.

Nilipomaliza, Mama Yustina hakuiacha nafasi ipite. "Mzee Masanja, na ile ruhusa ya Tabora?"

Baba akasafisha koo. Akawaangalia ng'ombe, akaniangalia mimi.

"Ng'ombe zangu hazimfuati mtu ovyo," akasema. "Aende."

Makofi yakalipuka, na muuza nyanya naye akapiga, tenga likiwa bado kifuani. Baba akanisogelea, akafungua kengele kiunoni kwangu kwa mikono yake mwenyewe. "Ila hii inabaki, mayu."

Mayu! Yaani mama, kwa Kisukuma! Ananiita hivyo akiwa na furaha tu. Mara ya mwisho ilikuwa siku Shangazi alipozaa.

Kwa hiyo nakuja. Nitafutieni njuga za kuazima, maana zizini sirudi tena. Na anayetaka kucheka acheke sasa hivi, acheke ashibe, amalize kabla treni yangu haijafunga breki.