Wateja Themanini wa Haneti

Kampuni ya televisheni za dishi iitwayo Angatele ilikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni kutaka kukua. Kila Jumatatu mabosi wake kule Dar es Salaam walitaka kusikia kwamba wateja wameongezeka, na wasipoongezeka, ofisi nzima chai haikunyweka. Ndipo wakabandika tangazo. Mteja mpya wa kijijini atapewa dishi na king'amuzi bure, kazi yake ni kulipia mwezi wa kwanza tu. Na atakayeshawishi wateja wengi kuliko wote Kanda ya Kati atakabidhiwa pikapu mpya mbele ya kamera.

Bashiri alilisoma tangazo hilo akiwa kibarazani kwa Firoz, muuza redio na pasi pale Dodoma mjini, ambako alikuwa amepanga kimeza chake cha uwakala wa Angatele. Alisoma mpaka kwenye neno pikapu, akaishia hapo. Ndiyo ilikuwa elimu yake hiyo: kila karatasi aliisoma mpaka pale palipomfurahisha, mengine akawaachia wenye muda.

Msimhukumu haraka. Mwenzenu alikuwa na shida. Miezi mitatu nyuma alikwenda kuposa kwa Mzee Suleiman, mwenye bucha Majengo, na alipoulizwa ana nini hapa duniani, ulimi ukamponyoka, akasema ana pikapu. Iko wapi? Iko gereji. Mzee Suleiman ni mtu mpole, mwenye visu vingi. Alisema haidhuru, siku ya mahari pikapu ije imebeba hiyo mahari, yeye na ndugu zake waione. Siku ya mahari ilikuwa imebaki wiki sita, na mzee alishaanza kuuliza ni ugonjwa gani huo wa gari usiopona.

"Sikiliza," Bashiri alimwambia Firoz asubuhi ileile. "Naenda Haneti, vile vitongoji vya ndani ambako umeme haujafika. Nachukua majina na alama za vidole. Madishi nawaachia, ving'amuzi naondoka navyo, nakwenda kuviuza Mlali na Kibaigwa kwa watu wenye televisheni na madishi yao. Kwenye kompyuta ya kampuni wateja wanawaka kama kawaida. Pikapu ya nani hapo?"

"Na hao wa Haneti watafanya nini na dishi lisilo na king'amuzi?" Firoz aliuliza, huku akifuta vumbi kwenye pasi.

"Watalitazama. Dishi bila king'amuzi ni beseni tu, lakini wao watajuaje?"

Firoz aliiweka pasi chini. "Mimi nina miaka thelathini dukani. Mteja anayebishana bei simwogopi hata kidogo. Anayekubali upesi, huyo nafunga droo kwanza, ndiyo naongea naye."

Bashiri alicheka. Ushauri wa bure ulikuwa haumwingii, labda kwa sababu hakuwa na namna ya kuuuza.

Haneti alipokelewa na kikundi cha akina mama kiitwacho Tujikaze, wanachama themanini, ndani ya ghala lao la mboga ya mlenda. Mwenyekiti wao, Mama Raheli Chidumizi, alikuwa amekaa juu ya gunia, kanga mabegani, macho yamesinzia. Bashiri alianza na "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kwa lafudhi ya kutisha, akaongeza shikamoo, kisha akaendelea kwa Kiswahili cha polepole na cha sauti kubwa, kile ambacho watu wa mjini huwatunzia viziwi na wanakijiji.

"Mama. Hili. Ni dishi. Linavuta picha. Kutoka mbinguni."

"Sisi hatujui mambo hayo, mwanangu," alisema Mama Raheli. "Tufafanulie."

Akafafanua. Ving'amuzi, alisema, lazima virudi mjini kwanza vikachajiwe mawimbi, maana mawimbi ya Haneti ni machanga. Akina mama walisikiliza kwa adabu. Mmoja alilisogelea dishi, akaligonga kwa kidole. Mwingine alipitisha kiganja ndani yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Linashika kutu?" Mama Raheli aliuliza.

"Halishiki, mama."

"Likikaa juani kutwa, linapata moto?"

"Moto mkali, mama. Huo moto ndio unaovuta picha."

"Na hayo matundu ya skrubu katikati, upepo unapita?"

Swali hilo Bashiri hakuwahi kuulizwa tangu azaliwe. "Unapita vizuri kabisa," alisema.

Mama Raheli aliwatazama wenzake. "Basi tunajiunga. Wote themanini."

Kwa nukta moja Bashiri aliikumbuka droo ya Firoz. Ilikuwa nukta fupi.

"Ila sisi tuna utaratibu wetu," aliendelea Mama Raheli. "Fomu zinajazwa na katibu, maana ndiye mwenye mwandiko. Na kitu cha mwanachama kikitoka mikononi mwetu, kinaandikwa kwenye kauntabuku, anayekichukua anatia sahihi, tunapiga muhuri."

Hakuna kikundi Tanzania kisicho na katibu na muhuri. Pesa inaweza kukosekana, muhuri hapana. Bashiri alimkabidhi katibu, dada mmoja mkimya aitwaye Flaviana, fomu zote themanini pamoja na tangazo la kampuni, afanye kazi hiyo ya kitumwa. Yeye aliletewa togwa na karanga. Kufikia alasiri fomu zilikuwa tayari, na pesa ya mwezi wa kwanza imeshahesabiwa. Alizipitia juujuu: jina lipo, namba ya kitambulisho ipo, dole gumba lipo. Chini ya dole gumba kulikuwa na mstari mwingine umejazwa, lakini dole gumba lilishamfurahisha, akafunga bahasha. Kwenye kauntabuku Flaviana alikuwa ameandika kwa wino wa bluu: *Nimepokea ving'amuzi themanini vya wanakikundi, nitavirudisha vikishachajiwa.* Bashiri alitia sahihi yake ndefu yenye mikia, muhuri ukashuka juu yake, na njia nzima ya kurudi mjini alikuwa anacheka peke yake.

Wiki tano zilimwendea vizuri. Ving'amuzi viliisha vyote, na katika kompyuta ya Angatele wateja themanini wa Haneti waliwaka usiku na mchana, maana watu wa Mlali na Kibaigwa ni watazamaji wazuri wa mpira. Jumatatu moja, chai ikanyweka Dar es Salaam. Kisha simu ikaja: Bi Sara, ofisa wa wateja kutoka makao makuu, anakuja Haneti Alhamisi na kamera, kusikia maoni ya wateja hawa wa mfano. Pikapu itakuja pamoja naye, mshindi akabidhiwe palepale.

Jumamosi ilikuwa ndiyo siku ya mahari. Pikapu aliiona, aliinusa kabisa. Ila kati yake na pikapu kulikuwa na akina mama themanini ambao hawajawahi kuona hata taarifa ya habari.

Jumatano alipanda bodaboda hadi Haneti. Alichokikuta kilimsimamisha njiani. Juu ya mapaa ya nyumba za tembe, kitongoji kizima, madishi yamelala chali yakitazama jua, na kila moja limejaa majani ya mlenda. Mlenda wa kijani, uliotandazwa vizuri, umeinuliwa juu mbali na mchanga na kuku. Pale ghalani magunia yalikuwa yamepangwa hadi darini.

"Zamani tulianika chini," Mama Raheli alimweleza, na kile Kiswahili chake cha usingizi kilikuwa kimeamka kabisa. "Wanunuzi wa Majengo wanatafuna, wanakuta mchanga, wanaturudishia. Sasa unakauka kwa siku moja na hauna hata chembe. Tumekushukuru sana kwenye maombi."

Bashiri aliumia. Ni uchungu wa peke yake ule, kumuuzia mtu beseni kwa ujanja wako wote, kumbe beseni ndilo alilokuwa analitafuta.

"Mama, nakuomba kama mzazi," alisema. "Kesho wageni wakija, waambie akina mama waseme televisheni ni nzuri. Nikikosa hiyo pikapu, sioi. Nimeshasema kwa wakwe kwamba ninayo."

Mama Raheli alikaza kamba ya gunia lililokuwa karibu. "Uongo hatusemi, humu tuna walokole. Lakini tukiulizwa kama tumeridhika, tutasema ukweli. Wewe kaa kimya tu mpaka uulizwe."

Alhamisi madishi yalikuwa yamesuguliwa kwa majivu, yanang'aa, yameegeshwa kutazama angani kwa heshima ya wageni. Bi Sara aliteremka kwenye gari la ofisi akiwa na kipaza sauti. Nyuma yake, pikapu nyeupe yenye utepe. Bashiri alikuwa amevaa koti.

"Mama, tangu ujiunge na Angatele, maisha yamebadilikaje?" Bi Sara alimuuliza wa kwanza.

"Yamebadilika mno. Mume wangu siku hizi anakula nyumbani."

"Nini kinakufurahisha zaidi?"

"Kijani chake. Zamani ilikuwa inatoka rangi ya udongo. Sasa kijani inabaki vilevile."

"Rangi halisi," Bi Sara alimnong'oneza mpiga picha. "Hiyo usiikate. Na changamoto, mama?"

"Mbuzi tu. Wanapanda juu kula."

Bi Sara aliandika: mawimbi kuingiliwa na mifugo. "Kuanzia moja mpaka kumi, umeridhika kiasi gani?"

"Kumi."

Wa pili akasema kumi. Wa tatu, kumi. Bi Sara alikuwa na miaka minne kazini na hajawahi kuisikia kumi kwa masikio yake. Mjini watu humpa mbili, na tusi la nyongeza. Alilazimika kutafuta leso.

Ulipofika wakati wa zawadi alifungua bahasha, na Bashiri alikuwa ameshapiga hatua mbili mbele akifunga kifungo cha koti.

"Mshindi wa Kanda ya Kati," alisoma Bi Sara, "aliyeshawishi wateja themanini, ni Raheli Chidumizi."

Vigelegele. Bashiri alibaki amesimama katikati ya uwanja. "Samahani, dada. Wateja hawa nimewaleta mimi. Mimi ndiye wakala."

"Ndiyo, ndugu yangu, na mawakala hawashiriki. Ipo kwenye tangazo, mstari unaofuata baada ya pikapu." Bi Sara alimwonyesha fomu moja, kisha nyingine. Chini ya kila dole gumba palikuwa na swali, *Nani amekushawishi kujiunga?*, na kwenye fomu zote themanini, hata ya Mama Raheli mwenyewe, kwa ule mwandiko mzuri wa Flaviana: *Mama Raheli.*

"Tangazo si ulituachia mwenyewe, mwanangu," alisema Mama Raheli. "Sisi tulilisoma lote." Akapokea funguo, akazifunga kwenye pindo la kanga. "Bado kitu kidogo. Ving'amuzi vyetu kijana alivichukua akavichaji. Naona kama vimechelewa."

Flaviana alishafungua kauntabuku kwenye ukurasa wenyewe. Bi Sara alisoma. Aliinua uso akatafuta nguzo ya umeme, hakuiona. Akatazama ndani ya dishi lililokuwa kwenye paa fupi la jirani, akaokota jani moja la mlenda lililosahauliwa. Hapo akaelewa yote, kuanzia kijani mpaka mbuzi, akamwambia mpiga picha azime kamera.

Mnafikiri alifuta wateja? Ofisa gani huyo wa kurudi Dar es Salaam na wateja pungufu themanini, aharibu chai ya watu? "Mimi nimetumwa kusikia maoni," alisema taratibu, "na maoni nimeyasikia." Kisha akamgeukia Bashiri. "Ila wewe, mali ya wateja wangu uirudishe yote. Ukishindwa, hiki kitabu chenye muhuri na sahihi yako kinakwenda polisi."

Kwa hiyo Ijumaa Bashiri alishinda Mlali akigonga milango, akiwabembeleza watu wamrudishie ving'amuzi, tena siku ya mechi. Waliompokea kwa matusi ndio waliokuwa na adabu. Jioni alirudi kwa Mama Raheli na ving'amuzi sita, akaomba aazimwe pikapu kwa saa mbili tu, kesho yake.

"Kesho gari lina kazi, linapeleka mlenda," alisema Mama Raheli. "Lakini linakwenda hukohuko Majengo. Panda nyuma, utatusaidia kushusha."

Na kweli Jumamosi pikapu nyeupe iliingia Majengo saa ile ile ya mahari. Flaviana alikuwa kwenye usukani, Mama Raheli pembeni yake, na Bashiri nyuma, juu ya magunia, ndani ya koti. Gari lilisimama mkabala na bucha. Mzee Suleiman alitoka na ndugu zake watano, wote wamevaa kanzu, akaizunguka pikapu mara moja, akagusa taa.

"Imepona," alisema. "Hongera, kijana. Ndiyo hii yako?"

"Shikamoo baba," alisema Bashiri, na ule ulimi wake, kwa mara ya kwanza, haukuwa na la kuongeza.

"Ni ya kikundi, baba," Mama Raheli alijibu kupitia dirishani. "Huyu ni kuli wetu, mpaka amalize deni la ving'amuzi sabini na vinne. Ila anajituma."

Mzee Suleiman alirudi ndani na ndugu zake, akafunga mlango wa bucha, siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi.

Simu ya Bashiri iliita. Sauti laini ya dada ilisema inapiga kutoka Angatele, inakusanya maoni ya mawakala kuhusu lile shindano. Kuanzia moja mpaka kumi, yeye ameridhika kiasi gani?

"Wajibu, mwanangu," alisema Mama Raheli. "Si vizuri kuwanyima watu maoni."

Bashiri aliutazama mlango wa bucha.

"Kumi," alisema, akaweka simu mfukoni na kujitwisha gunia la kwanza.