Mpira wa Uwesu na Bunduki za Rangi

Jumatatu, 2 Februari
Iandikwe na ihifadhiwe: leo saa nne kasorobo asubuhi, mbele ya mashahidi wawili na muuza kahawa, mimi Uwesu, fundi na mkazi wa Magomeni, nimeamua kununua mpira wa hewa. Futi nne.

Sababu ni Candida. Amefungua uwanja Kigamboni, watu wazima wanalipa kupigana kwa bunduki za vidonge vya rangi. Wakipigwa wanacheka. Bunduki zinatumia hewa ya mtungi, na Candida anasema nguvu yake ni mara mia ya hewa ya tairi la gari. Mipira aliyonayo inavuja. Jumamosi kila fundi alete mpira na fitingi zake, vile viungo vya chuma vya mwishoni, vijaribiwe. Atakayefaulu anapewa bunduki zote kumi na mbili, kazi ya kudumu.

Nikauliza mafundi tuko wangapi. Wawili. Mwingine ni Kasmir, mwenye duka la mipira Gerezani.

Kasmir! Mwaka sabini na tisa, darasa la nne, mimi na yeye tulitengeneza bunduki kwa pampu ya baiskeli ya baba yake. Risasi zetu zilikuwa zambarau mbivu za mtini. Mpira nilitafuta mimi. Siku ya mapambano na watoto wa Jangwani, mlio mmoja, mpira ukaachia, zambarau zote zikaishia kwenye shati langu la shule. Tangu hapo, Magomeni, kitu chochote kikimwangusha mtu kinaitwa mpira wa Uwesu. Feni ikigoma. Mchumba akighairi. Miaka arobaini na saba.

Jumamosi jina hilo linazikwa.

Jumanne, 3 Februari
Kariakoo. Maduka tisa. Mpira wa kwanza una namba ya nguvu ya hewa, moja upande huu na nyingine upande ule. Muuzaji akanishauri nichague ninayoipenda. Wa pili unanuka kama kandambili mpya, na ukiukunja haunyooki tena. Wa tatu umeandikwa ORIJINO. Nikausugua kwa kidole chenye mate, orijino ikahamia kidoleni.

Fitingi nazo ni hadithi yake. Nyuzi zinafanana kwa macho, lakini si ndugu. Ile niliyojaribu iliingia mizunguko miwili ikagoma. Muuzaji akasema kaza tu mzee, itazoea. Nikanunua. Dawa ninayo: raba ya tyubu. Hakuna kiungo nilichowahi kukifunga kwa raba ya tyubu kikanishinda, ukiondoa kimoja.

Pale wanapouza kava za simu sasa hivi, zamani palikuwa na fundi baiskeli. Tyubu mbovu alitupatia bure mimi na Kasmir, sharti shikamoo mbili: yetu na ya wazazi wetu. Leo nimesimama pale kidogo. Wakaniuliza simu yangu ni aina gani.

Jumatano, 4 Februari
Ukweli unaouma: mpira wa maana uko duka moja tu. La Kasmir. Siwezi kuonekana pale. Nimemtuma mke wangu, Sitara, aseme ni wa kuoshea gari.

Karudi nao. Mzito, nyaya za chuma ndani, namba haitoki hata kwa kucha. Kasmir alimuuliza, shemeji, gari gani hilo na ninyi hamna gari? Sitara akajibu, tunatarajia. Basi Kasmir akasema nisalimiwe sana, na fitingi zake atanibania kwa mashine palepale dukani, bure, ila nisije nikafunga raba.

Bure! Huo ni mtego. Sitara kaniuliza mtego wa nini. Mikakati haijadiliwi jikoni.

Ijumaa, 6 Februari
Nimeunga. Fitingi mizunguko miwili, juu yake raba, mikunjo kumi na minne. Imekaa kama bandeji ya hospitali.

Nilipokuwa naivuta kwa meno ile harufu ikanirudisha barazani kwa kina Kasmir. Mama yake anapepeta mchele, sisi tunahesabu zambarau, tukihesabu tano tunakula tatu. Mwaka ule sabuni haikuonekana madukani. Doa likikaa, limekaa. Mwalimu hakuuliza nani alipigana, alisoma mashati. Langu lilikuwa zambarau kuanzia kola. La Kasmir lilikuwa jeupe, nililiona mwenyewe jioni ile. Asubuhi kaja shuleni limejaa madoa. Akasema kaangukia zambarau njiani. Tukachapwa wote wawili.

Sikuwahi kumuuliza.

Jumamosi, 7 Februari
Pantoni, kisha uwanjani. Candida akatuamkia wote kwa shikamoo moja, akapaka povu la sabuni kwenye viungo, akatuweka nyuma ya ukuta wa matairi. Akafungua hewa kwa mbali.

Wa Kasmir: hakuna hata kipovu kimoja.

Wangu: raba ikavimba. Ikazidi kuvimba, kama koo la chura. Candida akasema wazee, inameni. Fitingi ikaruka ikapasua boksi la vidonge lililokuwa juu ya ukuta, na chini ya boksi alikuwa Kasmir. Rangi ya zambarau. Shati jeupe.

Nikasubiri matusi. Akajitazama kifuani, akakaa mchangani, akaanza kucheka.

"Bwana Uwesu," akasema, "safari hii sijajipaka mwenyewe."

Nikatazama pembeni. Vumbi la Kigamboni lina shida na macho yangu.

Kisha akauokota mpira wangu, akaugeuza. Mzima. Akasema hata ule wa sabini na tisa haukupasuka, ulichomoka, kwa sababu ya raba zangu. Kazi kapewa yeye. Akamwambia Candida anahitaji mwenzake, na huyo ni mimi, kwa sharti moja: hakuna raba. Nimekubali mbele yao wote wawili.

Jumapili, 8 Februari
Nimetangaza Magomeni: mpira wa Uwesu haukupasuka, si jana, si mwaka sabini na tisa. Shahidi ni Kasmir. Jirani akauliza sasa kilichoharibika ni nini. Nikamwambia hayo ni ya kitaalamu. Sitara akakumbusha kwamba mpira wa jana ulitoka duka la Kasmir. Wanawake hukumbuka vitu vidogo.

Kesho tunaanza. Kasmir ana mashine yake, sawa, namheshimu. Lakini mashine haina meno.

Bunduki kumi na mbili, viungo viwili kila moja. Nimekata raba ishirini na nne.