Jina Langu Juu Kabisa

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema! Mkurugenzi ametangaza kwamba Ijumaa atamtaja mkuu wa seva. Kitengoni tuko wawili tu: mimi na mwenzangu tunayemwita Miwani. Kwa hiyo niko peke yangu.

Nina mpango. Seva zetu ni thelathini na sita, na tunaziendesha kwa programu moja: unaandika maagizo mara moja, inazunguka nayo yenyewe. Inaingia kila seva kama mtu wa kawaida, kisha inaomba mamlaka ya mkubwa kupitia sudo, amri ambayo kila fundi ameizoea. Mimi vya kila mtu sivitaki. Nimepata nyingine, doas. Nyepesi, faili lake la ruhusa mistari miwili mitatu. Nitaisambaza kote, sudo nitaifukuza, ruhusa nitajipa mwenyewe. Miwani akitaka hata kuwasha upya seva moja, aje kupiga hodi mezani kwangu.

Nimemwambia mke wangu aninyooshee koti. Akauliza koti la nini. Nikamwambia la cheo, ila iwe siri mpaka Ijumaa.

Jumanne, 4 Machi

Nimeijaribu kwenye seva ya mazoezi. Mstari mmoja tu: mimi, ruksa. Imekubali papo hapo! Miwani akachungulia, akauliza kama nimesoma mwongozo. Nikamjibu mwongozo ni wa wasiojua. Akashauri sudo niiache hata wiki moja, mpaka tuwe na hakika. Wivu mtupu.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimeongeza mstari wa pili: wote, marufuku. Jina langu nimeliacha juu kabisa, mahali pa mkubwa. Sikujaribu tena. Si nilijaribu jana? Nikabonyeza. Skrini ikajaa kijani, seva baada ya seva. Hatua ya mwisho, kuondoa sudo: kijani! Nikasimama, nikajipigia makofi.

Nimemwarifu Mkurugenzi kwamba sasa nyumba ina mlango mmoja, na ufunguo ninao mimi. Akatabasamu, akasema Ijumaa si mbali. Jioni shemeji akapiga simu kunipongeza kwa cheo. Mke wangu kashindwa kukaa na siri, Mungu ambariki.

Alhamisi, 6 Machi

Saa tatu asubuhi, seva ya barua pepe imejaa. Ofisi nzima haipokei kitu. Mkurugenzi akaja mwenyewe, akasimama nyuma ya kiti changu. Vizuri, aone kazi. Nikaandika amri. Hairuhusiwi. Nikaiandika tena, polepole, kwa adabu. Hairuhusiwi. Nikaiambia programu iende na doas kwenye seva zote. Nyekundu, thelathini na sita! Kuingia moja kwa moja kama mkubwa haiwezekani. Mlango huo niliufunga mwaka jana, na nilijisifu sana.

Miwani akaomba kuona faili. Hata hakulimaliza, akaanza kucheka. Akaeleza kuwa doas haijali nani yuko juu. Inapitia mistari yote inayokuhusu, kisha inatii wa mwisho. Wa mwisho unasema wote marufuku, na mimi nimo kwenye hao wote. Nikasema huo ndio usalama wenyewe, hata mwizi haingii. Mkurugenzi akasema hata sisi.

Ikabidi twende chumba cha seva na skrini juu ya toroli, tuzime na kuwasha kila moja katika hali ya matengenezo, tusahihishe faili kwa mkono. Miwani alitengeneza thelathini na moja. Mimi tano, lakini toroli nilisukuma mimi. Akarudisha na sudo, eti kwa tahadhari. Saa kumi na moja jioni barua zikaanza kuingia. Kusema kweli niliona aibu, kama dakika kumi hivi.

Ijumaa, 7 Machi

Mkuu wa seva ni Miwani. Imeniuma, sifichi. Na koti lilivyokuwa limenyooka! Nilimpigia makofi kwa nguvu kuliko wote, wasije wakaniona nimenuna.

Baadaye nikafungua faili jipya aliloandika. Juu: wote, marufuku. Katikati: yeye. Chini kabisa, mstari wa mwisho: mimi! Nilisoma mara tatu. Si yeye mwenyewe aliyesema wa mwisho ndio unaotiiwa? Cheo kachukua, ukubwa kaniachia. Nikampigia mke wangu simu, amweleze shemeji habari hiyo kama ilivyo.

Miwani akaondoka mapema kwenda kumpa mama yake habari. Aliniomba nisiguse kitu mpaka Jumatatu. Sikugusa kitu. Nimeiondoa tu ile sudo, inachafua kazi yangu. Na chini ya jina langu nimeongeza mstari mmoja mdogo, asije mtu akajipenyeza baada yangu: wote, marufuku.

Nimeutuma kwenye seva zote thelathini na sita. Kijani kitupu! Nimefunga kompyuta, nimevaa koti, nimetoka kifua mbele.