Chiriku wa Kabatini

Jumatatu, 3 Machi
Wengine huzaliwa na mali. Mimi nilizaliwa na sikio. Bahati iliyoje! Nikisikia sauti mara moja tu, nimeshajua kama itavuma au itaishia bafuni. Chiriku nilimgundua mwenyewe, kwa sikio hili la kushoto (la kulia lina nta). Aliimba nyuma ya ukuta, nikaruka kitandani: huyo hapo! Sasa ndiye msanii wa kwanza wa lebo yangu, Ngurumo Rekodi. Wa mwisho pia, kwa sasa. Ni mdogo wake mke wangu, kwa hiyo hata chai anakunywa hapa hapa.

Leo tumemaliza wimbo. Studio ni kabati la mke wangu, fundi cherehani. Chiriku anaingia katikati ya magauni ya maharusi, tunafunga mlango, mwangwi wote unamezwa na vitambaa. Wakubwa hawana kitu kama hicho! Kasoro moja tu: ubeti wa pili cherehani inasikika. Mke wangu alikataa kuisimamisha. Amesema bibi harusi wake hangojei wasanii.

Jumanne, 4 Machi
Nimempelekea wimbo mtangazaji wa redio. Hakuusikiliza. Amesema waimbaji siku hizi ni wengi kuliko mbu, akaniuliza nani mwingine anamtaka huyo binti. Nikatoka nimenuna. Kwenye ngazi, wazo! Anatakiwa atakwe na mtu. Na mjini anaogopwa nani? Miwani! Tulianza naye lebo, tukagombania kiti kinachozunguka. Sasa ana lebo yake kubwa, ofisi ya vioo, viti vinavyozunguka hadi vya wageni, na miwani myeusi hata ndani ya lifti.

Mbio kwa kinyozi. Povu kidevuni, nikamnong'oneza kwamba Miwani anamwinda Chiriku wangu usiku na mchana. Nikamwapisha asimwambie mtu. Akaapa. Sijavuka kizingiti, nikamsikia ameshaanza. Kazi safi!

Jumatano, 5 Machi
Ushindi! Muuza magazeti ameniuliza kama ni kweli. Mtangazaji naye kapiga simu: bosi, mbona hukuniambia? Wimbo umepigwa mchana, ukarudiwa jioni. Amesifu sana ile ngoma ya ubeti wa pili, akauliza ni chombo gani. Nikamjibu ni siri ya kampuni. Mke wangu akacheka mpaka akajichoma sindano.

Siwezi kukaa. Nimeizunguka meza, nimeizunguka nyumba, nimemzunguka hata jirani aliyekuwa anaanika nguo. Nimeagiza kadi: Mkurugenzi Mkuu wa Kimataifa.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Uvumi umemfikia Miwani. Amesikia kwamba anamtaka Chiriku. Akajiuliza anamtakia nini. Akafungua redio asikilize. Sasa anamtaka! Amempigia shemeji yangu simu, kamwita ofisini kesho. Chiriku kanieleza kwa heshima zote, amesimama mlangoni, viatu mkononi.

Nikamkimbilia Miwani, kwa ngazi, maana lifti iligoma. Nikamwambia kindugu kabisa kwamba yule binti hajui kuimba, sauti ile imeshonwashonwa na kompyuta. Akavua miwani, akanitazama. Akasema: kama hajui, mbona umekuja mbio hivyo? Nikageuka, nikashuka ngazi zile zile. Pumzi niliiacha juu.

Ijumaa, 7 Machi
Sikupata usingizi. Mke wangu amesema, baba watoto, sema kweli mara moja tu maishani. Mwambie mdogo wangu unamhitaji, atabaki. Hayo ni mawazo ya watu wasiojua biashara. Mimi nina mbinu. Msanii ukimwambia baki, anavimba kichwa. Ukimwambia nenda, anaona aibu, anabaki. Saikolojia! Niliisoma kwenye kalenda.

Chiriku akaja, macho mekundu. Akasema: shemeji, wewe ndiye ulinifungulia mlango, hata kama ni wa kabati. Sema nibaki, nampigia yule bwana sasa hivi. Ulimi ukaniwasha. Nikajikaza. Nikasema nenda, mdogo wangu, usigeuke nyuma. Nikamwekea mkono begani, kunogesha. Akanikumbatia, akalia, akasema hajaona bosi mwenye moyo kama wangu. Akaenda!

Nikamfuata mbio hadi kona nimwambie nilikuwa natania. Akageuka, anatabasamu na machozi yake. Mkononi nilikuwa na maikrofoni, sijui niliishika lini. Nikampa. Nikamwambia za Miwani hazijaizoea sauti yake. Tulikuwa nayo moja tu.

Nimerudi, nikaingia kabatini, nikafunga mlango. Magauni yanameza kilio vizuri sana. Nje, mke wangu akasimamisha cherehani. Kwa mara ya kwanza.

Jumapili, 9 Machi
Wimbo uko kila mahali. Jirani anafua nguo akiuimba. Mtangazaji anamwita Chiriku "msanii wa Miwani". Nimezima redio. Nimewasha. Nimezima. Nimewasha, wimbo ulikuwa umefika ubeti wa pili.

Lakini bomba la jikoni limepasuka, na fundi bomba anapiga mluzi. Mluzi gani ule! Nimemwambia aachane na bomba, aingie kabatini. Maji yamefika sebuleni. Maikrofoni sina, hilo dogo. Nimeshapita kwa kinyozi, nimemnong'oneza kwamba Miwani anamtaka fundi bomba. Nimemwapisha asimwambie mtu.

Mke wangu kasimama nyuma yangu na ndoo, kasoma ukurasa wa kwanza wa daftari hili. Amesema nidanganye mji mzima nikitaka, ila karatasi niionee huruma. Haya basi. Chiriku aliimba nyuma ya ukuta, kweli. Mimi nilirusha kiatu ukutani nipate kulala. Mke wangu ndiye aliyesema: hebu msikilize mdogo wangu. Mluzi wa fundi bomba pia kausikia yeye. Sikio la bahati sina. Sijawahi kuwa nalo.