Bastola ya Mjomba Thaddeus

Jumatatu, Oktoba 2
Bastola imefika! Mjomba Thaddeus kaniachia katika wosia, imeviringishwa ndani ya soksi yake ya sufu. Ni ya kizamani, ya kujazwa baruti mdomoni mwa mtutu. Nyundo yake imekwama katikati, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Kutu tu. Nimechungulia mtutuni nione kama mjomba kaficha chochote. Giza.

Jumamosi ni sikukuu ya kupika siagi ya tufaha, yaani tufaha zinazochemshwa mpaka ziwe rojo zito la kupaka mkate. Hapa bondeni sufuria kubwa haiwashiwi moto mpaka mtu apige baruti hewani kwa bastola ya ukoo wake. Miaka kumi na tisa mpigaji ni jirani yangu, Ferris Ockley! Eti ukoo wenye bastola ni wao tu. Nimekaa barazani mchana kutwa, ukungu ukishuka vilimani, nikijiona nimesimama juu ya gari la nyasi, moshi mweupe umenizunguka, watu wananong'ona jina langu. Mbuzi wamechelewa kukamuliwa.

Jumanne, Oktoba 3
Mke wangu Verna anasema niipeleke kwa fundi. Fundi wa bunduki ni mmoja tu, Odessa, naye ni dada yake Ferris. Bora nife! Nimeipaka nyundo mafuta ya nguruwe. Haikutikisika. Nikafanya mazoezi dirishani hivyo hivyo, mkono mmoja kiunoni, kidevu juu. Ferris alikuwa uani kwake akianua shuka. Nikamlenga, kwa moyo safi kabisa, nikavuta kifyatulio mara tatu. Kimya. Shuka zilipepea polepole, nami nikasahau nilikuwa nafanya nini.

Jumatano, Oktoba 4
Akili imenijia: joto! Nimeiweka kando ya jiko la kuni ili kutu ilegee, nikasinzia. Nimeota nikipungia umati mkono. Verna kaniamsha. Bastola ameshaitoa nje, kailaza juu ya ndoo ya mchanga, mdomo ukielekea msituni. Kasema ama bastola iende kwa fundi, ama yeye aende kwa dada yake, mjini Altoona. Nimewaza sana. Verna ndiye mpishi.

Alhamisi, Oktoba 5
Nimemwambia Odessa bastola ni ya rafiki yangu. Akauliza kama rafiki huyo naye alikuwa mpwa wa Thaddeus. Mwanamke mchokozi! Kisha akauliza kama imejazwa. Nikacheka. Ilitundikwa ukutani kwa mjomba miaka themanini, nani aijaze? Yeye hakucheka.

"Bwana Lemuel, bastola ya marehemu imejazwa mpaka ithibitike vinginevyo."

Akaielekeza kwenye gunia la mchanga, mwenyewe akakaa pembeni. Nyundo hakuigusa. Akanionyesha fataki chini yake, kile kikofia cha kuwashia baruti, imekuwa kijani kwa uzee. Akatumbukiza ufito wa mbao mtutuni, taratibu, akautia alama ya penseli usawa wa mdomo wa mtutu. Akauchomoa, akaulaza ubavuni mwa mtutu kwa nje, alama ikiwa pale pale mdomoni. Ncha haikufika mwisho wa mtutu. Ilipungua vidole viwili.

"Kuna kitu kimelala humu," akasema. Risasi na baruti yake.

Nikaketi chini. Nikamweleza habari za Jumanne, dirisha, shuka, kifyatulio mara tatu. Akasema kutu hiyo ndiyo imemwachia kaka yake hai. Niliogopa kama sijawahi kuogopa maishani.

Ijumaa, Oktoba 6
Odessa ameitoa risasi, na kwa mafuta na subira nyundo sasa inacheza. Lakini mtutu umeliwa kwa ndani. Isipigwe tena, kasema, itundikwe itazamwe. Ndoto imekufa!

Alasiri Ferris alikuja na pai ya maboga. Dada yake kamwambia yote. Niliomba radhi nikitazama viatu vyake.

"Ungeniua, jirani, kwa sababu ya sufuria ya tufaha," akasema. Akakata pai. "Kama unaitaka siku hiyo kiasi hicho, kesho piga yangu. Ila sikiliza. Ukivuta isipowaka, iache ielekee juu. Usiishushe. Hesabu mpaka sitini."

Nikaapa kwa kaburi la mjomba. Nikalia, na pai ikaingia chumvi. Mtu mwema, Ferris. Sikujua.

Jumamosi, Oktoba 7
Gari la nyasi. Ukungu, harufu ya tufaha na mdalasini, bonde zima limenikodolea macho. Nikainua mkono nikavuta. Tik! Basi. Hakuna kilichowaka. Nikahesabu mpaka nne. Nikaishusha nichungulie kulikoni.

Ferris aliruka akanipiga mkono, nayo ikalia. Baruti tupu, Mungu asifiwe, haina risasi. Lakini ukingo wa kofia umekwenda, na nyusi yangu ya kushoto pia. Moshi mweupe ulinizunguka kama nilivyoota, na jina langu lilitajwa kila upande, ingawa si kwa kunong'ona. Ferris alikaa kwenye nyasi. Verna hasemi nami.

Ni dhahiri kosa ni la bastola ya Ferris. Yangu ilikaa na risasi miaka themanini bila kumdhuru mtu! Nimejilaza chini ya mtufaha, mawingu yanapita, moyo umetulia. Nyuma ya ukumbi wa mji kuna mzinga wa vita vya zamani, umesahaulika maguguni. Mdomo wake ni mpana, kichwa cha mtu kinaingia bila taabu. Jumatatu nitakwenda na mshumaa nione kama una kitu ndani.