Bomba la Kikaangio Nililolipigania

Jamani, leo mwenzenu nimepatikana! Rehema, Stela, barua hii naiwahisha treni ya kesho, ila msiisome kwa sauti mbele za watu.

Mnakijua kikundi chetu cha akina mama hapa Misunkumilo, wakaanga kripsi za muhogo. Bwana Mradi, mgeni anayetusaidia, alituletea vikaangio viwili vikubwa vya kiwandani tuchague kimoja. Cha kwanza sanduku la chuma tu. Cha pili kina bomba ubavuni la kutolea mafuta. Leo ndiyo ilikuwa siku ya majaribio. Tukishindwa, vyote vinakwenda kwa wenzetu wa Kabungu.

Mama Yohana, mwenyekiti wetu, alitaka kile kisicho na bomba. "Bomba la nini, mwanangu? Sisi tuna upawa."

Nikamjia juu. (Mnaujua mdomo wangu.) "Mama, nyie mtachota mafuta ya moto kwa upawa mpaka lini? Cha bomba ndiyo cha kisasa!"

"Haya. Kikituumbua, utajibu wewe."

"Nitajibu!"

Jana jioni tukakijaza debe zima la mawese, kila nyumba imechanga. Usiku baridi ikapiga. Asubuhi mawese yameganda kama samli. Bwana Mradi huyo akaingia, viatu vipya vinang'aa.

"Hilo bomba linafanya kazi?"

"Linafanya, mzee!" Nikalizungusha. Kimya. Nikalizungusha mpaka mwisho. Hata tone!

"Limeziba," akasema Mama Yohana, mdomo kaubetua.

"Mafuta yameganda tu, mama. Yakipata moto mtaona." (Na kweli waliona.) Kulifunga sasa? Nani akumbuke, mtu una hofu hivyo!

Nikawasha mkaa. Kwetu hakuna kitu kinachoanza bila sala. Mama Yohana akanikazia macho. "Wewe uliyekichagua, tuombee."

Tukasimama, tukafumba macho. Nikaomba kwa uchungu. Nikaombea kikaangio, nikaombea mihogo, nikaombea hata wenzetu wa Kabungu (Mungu awape chao, siyo hiki). Kila nikitaka kumaliza, nikikumbuka lile bomba naongeza. Mara nikasikia joto kwenye vidole vya miguu. Likawa linapanda taratibu. Nikajua Bwana amejibu! Nikapaza sauti, machozi yananitoka.

"Amina!"

Hakuna aliyeitikia. Nikafumbua macho. Akina mama wote wako juu ya mabenchi, kanga wamezikunja magotini! Mtu akiomba hakatizwi, basi wakapanda kimyakimya wakaniacha. Bwana Mradi peke yake alikuwa bado chini, macho kafumba kwa heshima, viatu vyake vimezama kwenye mawese mekundu. Bomba linabubujika.

Yesu wangu! Nilitamani ardhi inimeze.

Mama Yohana akashuka, akalifunga bomba bila kuniangalia. Mgeni akafumbua macho, akainua mguu mmoja, mawese yakachuruzika. Akalitazama lile bomba muda mrefu. Mimi nilishaanza kuiona Kabungu.

"Mama mwenyekiti," akasema, "bomba linafanya kazi. Kikaangio ni chenu. Ila huyu binti asikiguse."

Basi tumekipata. Wenzangu wanakaanga, mimi nimepangiwa kumenya mihogo uani, na kwenye sala nimeambiwa niwe naitikia tu. Kama ni kucheka, chekeeni huko huko Tabora. Hapa nimeshachekwa vya kutosha.